Mapenzi Mezani pa Kamari

Juma hili, ndugu wasomaji, naziacha picha mpya ili niwaeleze habari za picha ya zamani isiyo na rangi, La Baie des Anges, iliyotungwa na kuongozwa na Mfaransa Jacques Demy mwaka 1963.

Jean, anayechezwa na Claude Mann, ni karani wa benki mjini Paris. Maisha yake yamepangwa kama saa anazozitengeneza baba yake. Mwenzake wa kazini, ambaye kamari imempatia motokaa, anamchukua hadi kasino, na mara Jean anashinda fedha ambazo angezitumikia benki kwa miezi kadhaa. Mzee wake, mtu wa jasho, hataki kusikia, anamfukuza. Kijana anashika njia ya Nice, pwani ya kusini, na huko mezani anakutana na Jackie.

Jackie ni Jeanne Moreau, na hapa ndipo penye utamu wote wa picha hii. Mavazi meupe, nywele karibu nyeupe, sigara mkononi. Ruleti imekwisha mtenga na mumewe na mwanawe mdogo. Utadhani ni tamaa ya fedha. La! Akishinda huzitapanya katika hoteli za fahari za Monte Carlo. Akishindwa, hulala popote bila kinyongo. Anachokipenda ni ile dakika ambapo kigololi kinazunguka na hakijatua. Jean anampenda mwanamke. Mwanamke anamshika Jean kama hirizi ya bahati. Je, bahati ikikoma?

Na hukoma. Gurudumu la Kifaransa lina namba 37, tangu 0 hadi 36, lakini anayepatia namba moja hulipwa mara 35 tu. Basi katika kila faranga 100 zinazowekwa, mwenye meza hubakiwa, kwa wastani wa siku nyingi, na karibu faranga 3. Hana haja ya kumwibia mtu. Demy hatuelezi hesabu hizo. Anatuonyesha nyuso tu, huku kinanda cha Michel Legrand kikizunguka kama gurudumu lenyewe. Mama yeyote aliyepata kuungoja mshahara wa mwisho wa mwezi, ukaishia njiani, atamtambua Jackie mara moja, hata kama hajapata kuona kasino.

Ugomvi wangu ni juu ya mwisho. Jackie anaiacha meza ghafla na kumkimbilia Jean nje. Hakuna ahadi, hakuna toba. Naona Jean, karani aliyezoea kuhesabu fedha za watu, ameweka kila alicho nacho juu ya namba moja. Mke wangu, tuliyeitazama naye, asema nina roho ngumu: yeye amemwamini Jackie, na tangu siku ile hatujapatana.