KIPYA KINYEMI INGAWA KIDONDA

Wanachama wenzetu,

Twaomba nafasi katika ukurasa huu tuseme neno ambalo kila mmoja wetu hulinong'ona siku ya mshahara, wala hapana alisemaye mkutanoni. Sisi makarani wa Tanga tulio na umri wa miaka thelathini na kitu tumeshikwa na homa ya nyumba mpya. Aliyepata mkopo hataki hata kuitazama nyumba ya zamani ya Ngamiani. Ataka nyumba ambayo rangi yake bado yanuka, yenye marumaru sakafuni na bati la rangi, hata ikiwa mbali huko Pongwe. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba zile ni nyumba za wazee. Jibu hilo si hoja. Ni haya ya kuonekana maskini.

Wa kale walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Basi na tukifungue kidonda hiki tukitazame.

Kwanza ni fedha. Tuseme mtu amekopa shilingi 40,000,000 kwa riba ya 15 kwa 100 kwa mwaka, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi atakatwa shilingi 526,000 na zaidi, na deni likiisha atakuwa amelipa shilingi 126,000,000 na ushei. Maana yake amelipia nyumba tatu akapata moja. Aliye na miaka 35 leo atamaliza akiwa na 55, na akifika 60 kazi imekwisha kwa lazima. Tena Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 iliiacha nje ya kodi nyumba ya kukaa iliyokwisha kukaliwa miaka miwili, lakini mauzo ya kwanza ya nyumba mpya iliyatia kodini. Muuzaji hailipi kodi hiyo kwa mfuko wake. Inapotozwa, imo ndani ya bei. Kumbe hata harufu ya rangi twainunua.

Mtu atatuambia kwamba deni ni deni, liwe la nyumba mpya au la nyumba kuukuu. La hasha! Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na ua nyuma. Mwenye nyumba aweza kukaa upande mmoja na kupangisha upande wa pili, na kodi ya wapangaji ikamsaidia kulipa deni. Ile mpya imefungwa kwa mlango mmoja, jiko na choo vimo ndani, mpangaji hana pa kupitia. Nyumba ya zamani humlisha mwenyewe. Ile mpya yamla.

Pili ni mwendo. Akaaye katika barabara zile za namba za Ngamiani hupanda baisikeli, akafika kazini bila kutoa senti, na adhuhuri aweza kurudi kula kwake. Akaaye Pongwe yuko zaidi ya kilomita 10 kutoka mjini. Hulipa nauli asubuhi na jioni, yeye na mkewe na watoto waendao shule. Nauli hizo hazikuandikwa katika karatasi ya mkopo, lakini hutoka katika mshahara ule ule. Sheria yataka theluthi ya mshahara ibaki mkononi mwa mtumishi; je, theluthi hiyo italisha, itavalisha, itasomesha, na kulipa nauli ya watu watano?

Hata hivyo hatutaki kusema uongo kwa kuitetea nyumba ya zamani. Boriti huliwa na mchwa, bati huvuja, na vyoo vingine vyatia aibu. Haya fundi ayaweza. Lakini liko kubwa kuliko hayo. Baba amefariki, warithi ni saba, mirathi haikufunguliwa, na hati, kama ipo, bado ina jina la marehemu. Anunuaye nyumba ya namna hiyo amenunua na kesi yake, na benki haimkopeshi mtu kwa dhamana ya ugomvi. Hapa vijana wana haki ya kuogopa.

Lakini tuulizane, wanachama. Ugonjwa huo ni wa ukuta au wa karatasi? Ni wa karatasi. Na karatasi ndiyo kazi yetu! Sisi ndio tujazao fomu za watu wote na kutunza majalada ya kila idara. Ofisi ya ardhi twaijua, na njia ya Mahakama ya Mwanzo, mahali pa kumthibitisha msimamizi wa mirathi, twaijua. Majalada ya watu twayapanga vizuri, na la baba zetu limelala chini ya godoro. Kisha twakimbilia maporini, twasema nyumba za mjini zina matatizo.

Mwaka 1922, katika mji huu huu wa Tanga, karani Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Hawakungoja mtu mwingine awatengenezee mambo yao. Basi nasi twaleta maombi matatu mbele ya Kamati. Mwanachama asitie sahihi ya mkopo kabla hajaandika deni, nauli na chakula katika ukurasa mmoja. Chama kichague wanachama watatu wawasaidie wenzao kufungua mirathi na kubadili majina katika hati. Tena Chama kiwaandikie wakopeshaji, kitake mkopo wa kununua na kutengeneza nyumba ya zamani utolewe kwa masharti yale yale ya nyumba mpya.

Asiyekubali na alete hesabu yake mkutanoni, tutaisoma. Lakini kabla ya kwenda kununua upya wa watu, kila mmoja akaitazame kwanza nyumba ya baba yake. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ni sisi makarani wenzenu.