Kupita Bila Kupingwa Si Baraka



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo husikika neno hili: mgombea akipita bila kupingwa, hiyo ni baraka, kwa kuwa watu wamekaa kwa amani. Juma hili twataka kulipinga neno hilo waziwazi. Hatumpigii debe mtu wala chama. Hiyo si kazi ya altare. Twatetea haki ya mwamini ambaye pia ni raia.

Wilaya ya Kilosa ina majimbo mawili ya uchaguzi, Kilosa na Mikumi. Mwaka 2020 upande wa Mikumi, ndugu Joseph Haule wa CHADEMA, aliyelitwaa jimbo hilo mwaka 2015, alishindana na ndugu Dennis Londo wa CCM, na Londo akatangazwa mshindi. Upande wa Kilosa, Profesa Palamagamba Kabudi wa CCM alipita bila kupingwa. Basi wananchi wa wilaya moja, wenye soko moja na shida zile zile, walitofautiana siku ya kura: wa Mikumi walipewa karatasi ya mbunge, wa Kilosa hawakuiona. Hatusemi kwamba Profesa hakustahili. Twasema kwamba aliyestahili naye huombwa kuonekana mbele ya watu na kupimwa nao.

Jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 2013, humchagua gavana katika kila kaunti kati ya 47. Sisi hatuna gavana. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, na Mkuu wa Wilaya vivyo hivyo. Ukimwondoa Rais mwenyewe, tunaowachagua ni mbunge, diwani na viongozi wa kijiji au mtaa. Mtu akiwa na ng'ombe watatu tu, akapoteza mmoja, je, atasema amepata baraka?

Tena Kilosa ina maswali mazito. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba na kuikata reli ya kati. Ardhi ni ya nani, ng'ombe wapite wapi, tuta la mto litunzwe na nani: maswali haya huulizwa hadharani wakati wa kampeni, ambapo mwenye kuomba kura hulazimika kusimama juani na kujibu hata mama asiye na cheo. Asiyekuwa na mshindani hana sababu ya kujibu. Amani ya namna hiyo ni ukimya tu, na ukimya hauzuii mafuriko.

Lakini tusiwalaumu wakubwa peke yao. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, chasimulia jinsi miti ilivyotafuta mfalme. Mzeituni, mtini na mzabibu ikakataa, kila mmoja ukipenda utamu wake. Mwishowe mti wa miiba ukakubali. Ndivyo wengi wetu tulivyo. Mwalimu mwadilifu husema siasa ni mchezo mchafu. Katekista hodari huogopa kusemwa. Halafu twashangaa kuchomwa na miiba. Na Abimeleki, aliyelengwa na mfano huo, alikodi wafuasi kwa vipande 70 vya fedha. Kwetu jambo hilo liliitwa takrima, likaruhusiwa na sheria, hata Mahakama Kuu ilipolibatilisha mwaka 2006. Je, khanga na kilo za sukari zimekoma kupokewa?

Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeagiza kwamba mgombea aliye peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua, nasi twaipongeza. Hata hivyo, Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura, na damu ya Watanzania ikamwagika. Haki ya kuchagua haikamiliki kwa kuandikwa katika sheria tu, kama vile Ubatizo haukamiliki kwa cheti.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, wafundisha kwamba kupiga kura kwa uhuru ni haki na pia ni wajibu, kwa ajili ya manufaa ya wote. Wajibu hautimizwi na jirani kwa niaba yako. Basi mwenye karama ya uongozi na aijaze fomu bila aibu. Mwenye kura na aitunze isinunuliwe. Na sisi sote tuache kumshukuru Mungu kwa kile ambacho wanadamu wametunyang'anya.