Jaza dodoso, lakini usijibu kama uko ukweni

Wengi wetu tukiombwa kujaza dodoso tunafanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunalitupa, ama tunalijaza harakaharaka ili aliyetuletea atuondokee. Mimi naona yote mawili ni kujipunja wenyewe, na leo nataka kulisemea jambo hili kupitia utafiti mmoja wa Marekani unaohusu wanafunzi wa vyuo na uongozi.

Kwa nini Marekani? Kwa sababu wadogo zetu wako huko wanasoma, na wanaombwa kushiriki. Mmoja wao, mtoto wa mama mdogo, aliniandikia hivi: "Kaka, chuo kimenitumia maswali ya uongozi. Mimi si kiongozi wa kitu chochote, hata darasani nakaa nyuma. Sasa nijaze nini?" Nikamwambia yeye ndiye hasa anayetafutwa. Hakuniamini, akadhani namtania. Basi nimeamua kumjibu kwa urefu, na wengine mnakaribishwa kusikiliza.

Utafiti wenyewe unaitwa Multi-Institutional Study of Leadership, kwa kifupi MSL. Ulifanyika mara ya kwanza mwaka 2006 chini ya John Dugan na Susan Komives, wakati huo wote wakiwa University of Maryland. Vyuo 52 vilishiriki, na wanafunzi zaidi ya 50,000 wakajibu. Tangu hapo umerudiwa mara kadhaa na vyuo zaidi ya 250 vimepitia humo. Si kajitafiti ka mtu anayetafuta kumaliza shahada yake aondoke.

Nyuma yake kuna wazo ambalo ningependa tulishike vizuri. Katika miaka ya 1990, kundi la wasomi lililoongozwa na Helen Astin na mumewe Alexander Astin, wa UCLA kule California, lilikaa na kujiuliza: kiongozi ni nani? Mwaka 1996 wakatoa kitabu cha mwongozo chenye jibu lao. Walisema uongozi si cheo. Ni kazi ambayo watu huifanya pamoja ili kuleta mabadiliko mema, na kila mwanafunzi anaweza kujifunza kuifanya.

Wakataja tunu zinazohitajika: kujitambua, kuishi kile unachokiamini, kujituma, kushirikiana na wenzako, kuwa na lengo la pamoja, kubishana kistaarabu, na kuwajibika kama raia. Juu ya zote hizo wakaweka mabadiliko yenyewe. Mwaka 1998 Tracy Tyree akatengeneza kipimo cha tunu hizo, na baadaye kipimo hicho kikapunguzwa hadi sentensi 68. Unaisoma kila sentensi, kisha unachagua namba kuanzia 1, yaani hukubaliani nayo kabisa, mpaka 5, yaani unakubaliana nayo kabisa.

Angalia tena orodha hiyo. Hakuna mahali wanapouliza wewe ni rais wa nani. Kuna maswali mengine ya vyama ulivyojiunga navyo na vyeo ulivyowahi kushika, lakini hayo ni ya kueleza maisha yako ya chuoni. Kinachopimwa ni wewe.

Hapo ndipo mimi, niliyesoma nyumbani, nilipokaa nikafikiri. Sisi tukisema "uongozi wa wanafunzi" tunamaanisha watu wachache: rais wa serikali ya wanafunzi, mawaziri wake, na yule jamaa mwenye sauti kubwa anayeamsha watu asubuhi "bumu" likichelewa. Hata historia yetu tunaikumbuka hivyo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na hapohapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Habari hiyo tunaisimulia vizuri sana, tunajua rais alisema nini na viongozi wa wanafunzi walisema nini. Lakini wale mamia waliotembea tu katikati ya msururu, siku ile iliwafundisha nini? Waliondoka wakiwa raia wajasiri zaidi au waoga zaidi? Hakuna aliyewauliza wakati ule, na wengi sasa hawapo.

Swali la mtu wa katikati ya msururu ndilo ambalo dodoso kama hili linajaribu kuliuliza. Chuo kinachukua ada, kinachukua miaka mitatu au minne ya ujana wako, kinakuandikia kwenye vipeperushi kwamba kinatoa "viongozi wa kesho". Sawa. Kithibitishe basi. Na uthibitisho hauwezi kuwa picha ya rais wa wanafunzi akipeana mkono na mgeni rasmi. Lazima aulizwe na huyu anayekaa nyuma.

Nimefika kwenye jambo lenyewe sasa. Huyu mdogo wangu alijaribu kujaza sentensi kadhaa akanieleza alivyofanya. Kila palipokuwa na jambo la kumsifia aliweka 3. Kwa nini 3? "Kaka, siwezi kujisifu."

Wote tulilelewa hivyo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayesema "mimi ni hodari" anaambiwa ana majivuno, na ukienda ukweni ukaulizwa kama unaweza kazi unasema "najaribujaribu tu", hata kama wewe ndiye fundi wa mtaa mzima. Ni adabu nzuri, siidharau. Lakini dodoso si mkwe. Halitakuona una majivuno. Litachukua 3 yako kama ilivyo, liiweke pembeni ya 5 ya mwenzako aliyelelewa kwenye nyumba ambayo mtoto anapigiwa makofi akichora mstari, na mwisho wa siku itaonekana kwamba wewe hujui kushirikiana na watu. Wewe uliyekua kwenye nyumba ya watu kumi na wawili na choo kimoja!

Huo ndio udhaifu mkubwa wa tafiti za aina hii, na wasomi wenyewe wanaujua: zinapima unavyojiona. Matokeo ya 2006 yalionyesha wanafunzi walijipa alama za juu zaidi kwenye kujituma, na za chini zaidi kwenye mabadiliko. Wanawake walijipa alama za juu kuliko wanaume kwenye tunu nyingi. Ni habari za kweli, lakini ni habari za watu wanavyojieleza. Mwandishi yeyote wa habari anajua tofauti kati ya "fulani ni mkweli" na "fulani amesema yeye ni mkweli".

Dawa yake nini? Kwa maoni yangu, usijibu kwa hisia, jibu kwa kukumbuka. Sentensi ikisema uko tayari kusikiliza mawazo ya wengine, usijiulize "je, mimi ni mtu mzuri?" Jiulize: mara ya mwisho mtu alipopinga wazo langu kwenye kazi ya kikundi, nilifanya nini? Kama ulimsikiliza ukabadili wazo, weka 5 bila aibu. Kama ulinuna wiki nzima, weka 2, pia bila aibu. Hakuna cheti kinachotolewa.

Uangalifu huohuo unahitajika pale unapoulizwa ulikuwaje kabla ya kuingia chuo. MSL inafanya hivyo: inamwomba mwanafunzi akumbuke alivyokuwa nyuma, ili ilinganishe na alivyo sasa, kwa kuwa haikumpima siku alipofika. Kumbukumbu ni mjanja. Tukiwa tumevaa joho tunapenda kuamini kwamba tulifika wajinga na tumetoka na busara. Huenda ulikuwa na msimamo zaidi ulipokuwa kiranja wa bweni kidato cha tano. Kama ndivyo, sema hivyo. Chuo kinahitaji kujua kama kimekupunguza.

Kuna faida gani? Moja ya mambo yaliyojitokeza mwaka 2006 ni kwamba kilichoambatana sana na kukua kwa uongozi si semina za hotelini. Ni mazungumzo ya kawaida kati ya wanafunzi waliotofautiana kwa dini, rangi, siasa na maisha. Kuwa na mtu mzima wa kukuongoza chuoni, na kujitolea kufanya kazi za jamii, navyo vilionekana kuwa na uzito. Fikiria maana ya hilo kwa mkuu wa chuo mwenye pesa kidogo. Badala ya kumlipa mtaalamu kutoka mjini aje na maikrofoni, aongeze viti na meza pale kantini, na asiwapange wanafunzi mabwenini kwa kufuata walikotoka. Hayo yamejulikana kwa sababu watu walikaa wakajibu maswali.

Na ninyi mnaosema "wenzangu watajaza, mimi mmoja sina maana", hesabu haiendi hivyo. Vyuo vikubwa vilichagua wanafunzi wa kuulizwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo jina lako likitokea unawabeba wengi ambao hawakuulizwa. Wakikaa kimya watu wa nyuma, wanaobaki ni wapenda vyeo, na picha ya chuo kizima inachorwa na wao. Ni sawa na mimi kwenda kwenye mkutano wa kampeni wa chama kimoja, nikahoji watu watano, nikarudi chumba cha habari nikaandika kwamba "wananchi wamesema". Mhariri mwenye akili ananitupia karatasi yangu.

Simaanishi ujaze kila kinacholetwa. Kataa pale unapopaswa kukataa. Utafiti wa kweli unakueleza kwanza nani anaufanya, majibu yatatumika vipi, jina lako litalindwaje, na kwamba unaweza kuruka swali au kuacha katikati bila kuadhibiwa. Usipoyaona hayo, funga. Na mhadhiri akikuambia kwamba asiyejaza atakatwa alama, hiyo ni amri iliyovaa nguo za utafiti.

Nina dai moja la mwisho, na hili nalielekeza kwa vyuo, vya kule na vya kwetu. Majibu yarudi. Chuo hupata takwimu zake, kamati hukaa, ripoti huandikwa, wahadhiri hupanda vyeo. Yule aliyekaa na sentensi 68 usiku wakati ana mtihani kesho yake haambiwi chochote. Kama tunu mojawapo ni kushirikiana, mnashirikiana vipi na mtu mnayemchota maneno halafu mnapotea? Ukurasa mmoja unatosha: mlituambia hili, tumebadilisha hili, hili tumeshindwa kwa sababu hii.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kaa chini ujaze. Weka 5 yako unapoistahili na 2 yako unapoistahili. Kisha muhula ujao nenda ofisi ya wanafunzi, gonga mlango, waulize kwa adabu matokeo yako wapi. Ulisema wewe si kiongozi wa kitu chochote. Ukigonga mlango huo, sentensi hiyo hutaisema tena.