Meli ya 1872 na kaye zetu za utafiti

Kila mwaka sisi wa Lugha za Kiafrika tunaenda kwenye utafiti, tunarudi na kaye zimejaa maneno, tunaandika kazi, tunaitetea, tunapigiwa makofi. Kisha kaye inaenda wapi? Yangu najua: iko chini ya kitanda.

Miaka miwili iliyopita nilikaa wiki mbili na wavuvi karibu na Kalemie, nikikusanya majina ya pepo na ya hali za maji ya Tanganyika. Nilirudi na maneno 187. Asistenti mmoja akaniuliza: neno hili nani alilisema? Siku gani? Mtu wa wapi? Nilikuwa nimeandika "mzee" tu. Wazee walikuwa watatu, wa vijiji tofauti, na mmoja alikuwa amekwisha kufariki.

Tangu hapo nasoma habari za Challenger, meli ya Waingereza iliyoondoka Portsmouth Desemba 1872 na kurudi Mei 1876. Ilisafiri karibu maili za bahari 69,000, ikiwa na kikundi cha sayansi cha watu sita (mmoja wao mchoraji) chini ya Charles Wyville Thomson, pamoja na mabaharia zaidi ya mia mbili. Ilifanya vituo 362, na kazi ya kila kituo ilikuwa karibu ileile: kushusha kamba yenye uzito mpaka chini, kuandika kina, kupima joto la maji, kupandisha matope na viumbe, kuandika kwenye chupa nambari ya kituo. Kesho tena. Machi 1875, katika Pasifiki ya magharibi, kamba ilishuka zaidi ya mita 8,000.

Ripoti yao ilijaza majuzuu 50, lakini mimi nazihusudu zaidi zile nambari za chupa. Mwaka 2020 watafiti walichapisha ulinganisho wa magamba ya viumbe vidogo vya Challenger na yale yaliyochotwa Pasifiki karne hii na meli Tara. Ya leo ni membamba zaidi. Pasipo nambari ya kituo, chupa ile ingebaki na matope tu. Kaye yangu ni matope.

Najua jibu: hatuna pesa, hatuna mashine. Kuandika tarehe na kijiji kunahitaji kalamu. Naomba fakulte ikatae kazi yoyote isiyo na karatasi kwa kila mazungumzo: nani, wapi, lini, mlikuwa mkizungumza nini. Nakala ibaki maktaba.

Ila tusiwaige katika yote. Kuvuta kamba ile kulichosha mabaharia hata wakageuza vokali moja katika jina la kazi hiyo, likawa na maana ya kazi ya punda. (Nani atasema fonolojia si ya watu wa kawaida?) Wapatao 60 walitoroka. Barua za Joseph Matkin, msaidizi wa bohari ya chakula, zilichapwa kitabu 1992 tu. Na sisi? "Mtoa habari nambari 3." Mzee akikubali jina lake liandikwe, liandikwe, kwenye ukurasa wa kwanza.

Wazee wawili wangu bado wako hai. Likizo ijayo narudi kwao na orodha yangu, neno kwa neno. Mwenzangu mwenye kaye ya namna hiyo chini ya kitanda, tuandamane. Boti hadi kambini tutachanga.