Msimlaumu Karani Kabla ya Kuichunguza Mashine



Safari hii hatusemi juu ya mishahara wala posho. Tunataka kusema juu ya mashine moja ndogo, kompyuta mpakato, na juu ya kosa tulilolitenda sisi viongozi wenyewe. Tunaliandika hapa ili tawi lingine lisilirudie.

Tulivuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Rongui, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuandika majina na madai ya wenzetu. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 na kuingia mji wa Palma Machi 2021 viliwatawanya watu wengi, na miongoni mwa wale tuliowafuata wamo ambao hadi leo wanadai mishahara yao. Karani wetu, binti mwenye bidii, aliketi mkekani chini ya paa la bati. Kompyuta akaiweka juu ya kanga iliyokunjwa ili mchanga usiingie. Ilipofika saa sita mchana mashine ikaanza kuunguruma, ikawa nzito, kisha ikazimika yenyewe. Tukaiwasha, ikazimika tena. Majina ambayo yalikuwa hayajahifadhiwa yakapotea, na watu waliokuwa wakingoja tangu asubuhi tukawaambia waje kesho.

Tuliporudi mjini, fundi mmoja aliitazama kwa nje tu akasema imekufa, nunueni nyingine. Katika kikao mmoja wetu akasema karani ndiye aliyeiharibu, akatwe posho. Ndugu zetu, tunaona haya kusema kwamba wengine wetu tuliitikia.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi wa mota za kiwandani. Aliuliza neno moja tu: "Mmeifungua?" Hakuna aliyeifungua. Ilipofunguliwa, vumbi na nyuzi za nguo vilikuwa vimeziba njia ya hewa kama pamba. Ikasafishwa, ikafanya kazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kila mwenye kujua trekta ataelewa jambo hili upesi. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, nayo hutoa joto kila inapofanya kazi. Joto hilo huchukuliwa na bomba dogo la shaba mpaka kwenye mapezi membamba ya chuma, mfano wa rejeta, na feni hupuliza hewa kulitoa nje. Hewa ikizibwa, joto hubaki ndani. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kuzimika kule hakukuwa kufa, bali kujilinda.

Basi mashine yenu ikipata joto, fuateni utaratibu huu.

Kwanza, tazameni imekaa wapi. Iwekwe juu ya meza au ubao mgumu, si juu ya kanga, mto wala kitanda, kwa sababu mashine nyingi huvuta hewa kwa chini. Ikae kivulini. Watengenezaji wengi huandika kwamba itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35, na chini ya bati mchana wa kaskazi kiasi hicho hupita upesi.

Pili, wekeni mkono penye tundu la kutolea hewa. Feni ikilia kwa nguvu lakini hewa inatoka kidogo, njia imeziba. Isiposikika kabisa wakati mashine ina moto, huenda feni imekufa. Feni hubadilishwa bila kununua kompyuta mpya.

Tatu, tazameni kazi iliyobebeshwa. Katika mashine za Windows, bonyezeni pamoja vifungo vya Ctrl, Shift na Esc, mtaona programu ipi inakula nguvu. Fungeni zisizohitajika. Ikiwa moja inakula nguvu nyingi na hamuijui, yafaa mashine ikaguliwe virusi.

Nne, isafisheni. Izimeni, chomoeni chaja, na betri itenganishwe kabla ya kugusa cha ndani. Tumieni brashi laini iliyo kavu, na feni ishikwe isizunguke. Msipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Ikiwa baada ya usafi joto bado lipo, pesti iliyo kati ya prosesa na shaba huenda imekauka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye ujuzi.

Tano, na hili ni la hatari: betri ikivimba, izimeni mashine mara moja, msiichaji, msiibonyeze wala kuitoboa. Betri za lithiamu zikishika moto ni taabu kuzizima.

Zaidi ya hayo, hifadhini kazi kila mara, wekeni nakala kwenye flashi, na daftari la karatasi lisiachwe.

Sasa turudi kwa karani. Ni kweli kanga ilichangia. Lakini nani alimfundisha? Tulimkabidhi mashine bila neno hata moja, kisha tukataka alipe. Mwajiri anapomkata mfanyakazi mshahara kwa mashine iliyochakaa, sisi ndio wa kwanza kupiga kelele. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Tunawasomea waajiri maneno hayo, na kikaoni kwetu tukayasahau.

Karani hakukatwa kitu. Tulimwomba radhi mbele ya kikao kile kile. Yeye ndiye sasa anayewafundisha wenzake kusafisha mashine, na yale majina alirudi Rongui akayaandika upya.

Mashine ikizidiwa na joto hupunguza mwendo, wala hakuna anayeiita mvivu. Na mtu je? Popote chombo kinapoharibika mikononi mwa mfanyakazi, kiwandani au shambani, ulizeni kwanza alilouliza yule mzee: mmeifungua?