Paka wa Nyumbani Anapozaa

Mama wenzetu wapendwa, mwezi huu tunaomba mtuvumilie. Tunaacha kidogo habari za watoto wetu na waume zetu, tuzungumze juu ya mzazi mwingine aliyemo nyumbani. Hapa Bumbire paka si pambo. Nyumba yenye nyavu, magunia ya dagaa na akiba ya mahindi, bila paka ni karamu ya panya. Panya akiutafuna wavu usiku mmoja, baba hukaa ufukoni siku mbili akishona badala ya kwenda ziwani, na ni mama anayejua siku hizo mbili kilipikwa nini. Ndiyo maana paka jike akionekana ana mimba, majirani huanza kuomba watoto kabla hawajazaliwa. Lakini kumtunza mzazi mwenyewe, wachache hukumbuka.

Paka hubeba mimba muda wa wiki tisa, yaani siku 63 hadi 65 hivi. Kufikia wiki ya tatu chuchu zake huwa nyekundu kuliko kawaida, na baadaye tumbo huonekana wazi. Msimbonyeze tumbo kuhesabu watoto, wala msiwaruhusu watoto wa nyumbani kumbeba hovyo. Siku zinapokaribia, huanza kutafuta mahali pa siri: ndani ya kabati, juu ya nyavu zilizokunjwa, hata kitandani kwa baba! Mwandalieni boksi lenye kuta za kutosha, ndani mtandike kanga kuukuu au gunia lililofuliwa, mliweke mahali penye giza kidogo pasipo upepo wa ziwa. Nyasi tunazotandika sakafuni ni nzuri kwa wageni, lakini viroboto hujificha humo, na watoto wa paka wachanga huweza kuishiwa damu kwa viroboto tu. Afadhali nguo, kwa sababu hufulika.

Tena kuna siafu. Anayewajua hatahitaji maelezo. Watoto wa paka hawaoni, hawawezi kukimbia, na msafara wa siafu ukipita usiku, asubuhi hakuna kitu. Msimu wa mvua wekeni boksi juu ya meza au kigoda, na kila mguu usimame ndani ya kopo la maji. Msipake mafuta ya taa kuzunguka boksi, maana mama atayalamba na watoto watavuta mvuke wake.

Uchungu ukianza, paka huhangaika, hukwaruza nguo, huhema, pengine hukoroma kwa sauti, na wengi hukataa chakula. Hali hii yaweza kuchukua nusu siku au zaidi. Kazi yenu ni kukaa karibu kimya. Sisi wauguzi tumezoea kuona chumba cha kujifungulia kilichojaa mashangazi wenye ushauri. Paka hataki hata mmoja. Mtoto huzaliwa ndani ya mfuko mwembamba, mama huupasua kwa meno, humlamba mwanawe mpaka alie, hukata kitovu na kula kondo la nyuma. Msichukizwe, ndivyo alivyoumbwa. Ila hesabuni: kila mtoto ana kondo lake, na lililobaki tumboni huleta homa. Kati ya mtoto mmoja na mwingine huwa dakika kumi hadi saa moja. Wengine hupumzika muda mrefu zaidi, wakinyonyesha kwa utulivu, kisha huendelea. Hao si wa kuhangaikia.

Asipoupasua mfuko, msingoje. Nawieni mikono, uchaneni mfuko usoni pa mtoto, futeni pua na mdomo, kisha msugueni mgongoni kwa kitambaa kikavu mpaka avute pumzi. Msimning'inize wala kumtikisa kichwa chini, maana ubongo wake huumia. Kitovu kifungwe kwa uzi uliochemshwa, kama upana wa vidole viwili kutoka tumboni, ndipo mkate upande wa pili wa fundo.

Hatari ni hizi: akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutokea; mtoto akikwama mlangoni kwa dakika kumi; damu nyekundu ikitiririka bila kukoma; au uchafu wenye harufu mbaya. Mpigieni simu bwana mifugo mara moja. Tunajua kwamba kwa wengi wetu daktari wa mifugo ni safari ya mtumbwi, na ziwa likichafuka hakuna wa kuvuka. Kwa hiyo ulizeni namba yake mapema, mimba ikiwa bado changa. Siku ya uchungu si siku ya kutafuta namba.

Na sasa jambo linalotuuma. Jirani yetu mmoja, mama mwenye huruma kweli, alimwona paka wake amezaa na kulala kwa unyonge. Akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyotulizwa maumivu baada ya kujifungua, akasaga nusu kidonge cha panado, akamchanganyia na mchuzi. Siku ya pili paka alikufa, akaacha watoto wanne. Mama wenzetu, mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wetu. Humharibia damu na ini, na kidonge kimoja kinatosha kumwua. Aspirini nayo ni hatari. Hata dawa za kunyunyizia mbwa kuua kupe, nyingi ni sumu kwa paka. Msimpe dawa ya mtu, hata ya mtoto mchanga.

Wale watoto wanne walipelekwa kwa paka mwingine aliyekuwa ananyonyesha, wakapakwa harufu ya nguo ya boksi lake, naye akawapokea. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi kwao na huwaharisha. Mkilazimika kwa siku moja mbili, yawe ya uvuguvugu, kidogo kidogo, mtoto akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya. Msimlaze chali kama mwana wa binadamu, atapaliwa. Kisha mpanguseni sehemu za chini kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, maana wiki za kwanza hawezi kukojoa bila kulambwa na mama yake. Joto ni muhimu kuliko chakula: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga itawasaidia.

Anayenyonyesha huhitaji chakula mara mbili hata tatu ya kawaida yake, na maji safi wakati wote. Dagaa wetu ni chakula kizuri, ila waosheni mchanga na kuwachemsha. Baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini. Mifupa ya sangara iondoeni. Msimu wa senene atajitafutia mwenyewe, mwacheni afurahi. Kila siku tazameni chuchu: iliyovimba, yenye moto na kuuma inataka daktari. Na akianza kutetemeka na kukakamaa wiki za kunyonyesha, msidhani amerogwa. Madini ya kalisi yamemwishia katika maziwa, naye huweza kufa siku hiyo hiyo asipotibiwa.

Tumeulizwa mara nyingi: mama mjamzito afukuze paka? Mawifi husema hivyo, tena kwa ukali. Ukweli ni kwamba kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vya toksoplasmosi, ambavyo vikimwingia mjamzito kwa mara ya kwanza huweza kuharibu mimba, au kumpa mtoto madhara ya macho na ubongo. Lakini vijidudu hivyo havina nguvu ya kuambukiza mpaka kinyesi kikae siku moja au zaidi. Basi kinyesi kiondolewe kila siku, na mtu mwingine, si mjamzito. Akilima bustani anawe kwa sabuni. Nyama iive vizuri na mboga zioshwe, maana wengi huambukizwa kwa njia hizo bila kumgusa paka. Hakuna haja ya kumtupa.

Akimwuma au kumkwaruza mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, kisha mwende zahanati. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao.

Mwisho, watoto wake. Hufumbua macho kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na wiki ya nne huanza kuonja uji wa dagaa. Mama yao huweza kushika mimba nyingine hata kabla hawajaacha ziwa, kwa hiyo mzuieni asikutane na madume, na bwana mifugo akija mwulizeni kuhusu kumfunga uzazi. Hiyo ni heri kuliko kutupa watoto ziwani ndani ya gunia, jambo ambalo watoto wetu hulitazama na hawalisahau. Wavuvi watakuja kuomba watoto wa paka wakiwa na wiki nne, kwa sababu panya hawangoji. Msiwape. Mtoto wa paka huachana na mama yake wiki ya nane, akiwa ameshafundishwa kuwinda. Anayeng'ang'ania mwambieni arudi mbalamwezi ijayo, wakati huo naye atakuwa nchi kavu.