Plau Iliyogonga Hazina

BARUA YA BWANA SHAMBA

Ndugu msomaji,

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na wadudu. Mwezi huu tuongee juu ya mkulima mmoja na mwandishi mmoja. Habari hii ni ya kweli. Ilitokea Uingereza, lakini inatuhusu sisi tunaofukua ardhi kila msimu.

Kigingi kilivunjika

Ilikuwa Januari 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Karibu na mji wa Mildenhall, mashariki ya Uingereza, mtu mmoja alikuwa akilima kwa trekta. Jina lake ni Gordon Butcher. Shamba halikuwa lake. Alikuwa analima kwa kulipwa. Aliyempa kazi hiyo aliitwa Sydney Ford.

Shamba lile lilitakiwa kupandwa mmea wa mizizi unaotoa sukari, kama sisi tunavyopata sukari katika miwa. Mizizi yake huenda chini sana. Kwa hiyo Butcher alishusha plau chini kuliko kawaida, kiasi cha sentimita 30. Huo ni urefu wa rula ya mtoto wa shule.

Mara plau ikakwama. Kigingi cha mbao kilichounganisha plau na trekta kikavunjika. Kigingi hicho huwekwa makusudi. Plau ikigonga jiwe au kisiki, kigingi huvunjika na plau hupona. Butcher akateremka, akafukua udongo. Akaona ukingo wa sahani kubwa. Akaenda kumwita Ford, wakachimba pamoja.

Walitoa vyombo 34: sahani, mabakuli na vijiko. Sahani iliyo kubwa kuliko zote ina upana wa sentimita 60 na uzito unaozidi kilo 8. Vyombo hivyo vilitengenezwa kwa madini ya fedha, katika karne ya 4. Wakati huo Uingereza ilikuwa inatawaliwa na Warumi. Ni zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Butcher hakujua hayo. Alimwachia Ford vyombo vyote, akarudi nyumbani. Ford alivisafisha, akaviweka nyumbani kwake. Baadaye alisema kwamba alidhani ni vyombo vya bati tu.

Taarifa ilichelewa

Miaka 4 ikapita. Mwaka 1946 daktari mmoja anayependa vitu vya kale alimtembelea Ford. Akaviona vile vyombo, akatambua kwamba si vya kawaida. Habari zikafika polisi.

Sheria ya Uingereza wakati ule ilikuwa hivi. Hazina ya dhahabu au ya fedha iliyofichwa ardhini ilikuwa mali ya Mfalme. Lakini mtu aliyeivumbua, akitoa taarifa mara moja, alilipwa thamani yake yote. Aliyestahili kulipwa ni mvumbuzi, hata kama ni kibarua.

Taarifa haikutolewa. Kwa hiyo Butcher na Ford walipewa zawadi ya paundi 1,000 kila mmoja. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa kulima, fedha hizo zilikuwa nyingi. Lakini zilikuwa sehemu ndogo tu ya thamani ya hazina. Butcher alikosa haki yake kwa sababu hakuijua sheria. Vyombo vilipelekwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, na viko huko hadi leo.

Mwandishi alipiga hodi

Habari hizo zilitoka magazetini. Mwandishi mmoja kijana akazisoma. Aliitwa Roald Dahl.

Bwana Dahl alipata kuishi kwetu. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta kufanya kazi Dar es Salaam, na huko alijifunza Kiswahili. Vita vilipoanza mwaka 1939, alijiunga na jeshi akawa rubani. Baada ya miaka mingi alipata sifa duniani kwa vitabu vyake vya watoto. Alifariki mwaka 1990.

Siku ile ya 1946 Dahl hakukaa mezani akabuni hadithi. Aliwasha gari akaenda mpaka nyumbani kwa Butcher. Butcher alikuwa amechoshwa na watu wa magazeti. Dahl akamwomba aeleze mambo kama yalivyokuwa, naye ataandika ukweli. Akaahidi kwamba akilipwa kwa hadithi hiyo, watagawana nusu kwa nusu. Butcher akakubali. Wakakaa jikoni kwa saa kadhaa, mmoja akisimulia na mwingine akisikiliza. Dahl alikwenda kwa Ford pia, lakini Ford hakutaka kuzungumza.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Wataalamu wa makumbusho wanaweza kuipima sahani na kusema ina miaka mingapi. Lakini hawawezi kujua kwamba siku ile plau ilishushwa zaidi, na kwamba kigingi kilivunjika. Hayo aliyajua mwenye trekta. Bila kumwuliza yeye, yangepotea.

Mwaka 1947 hadithi ilichapishwa katika gazeti la Marekani. Dahl alitimiza ahadi. Alimpelekea Butcher nusu ya malipo. Mwaka 1977 aliitia hadithi hiyo katika kitabu cha vijana. Watoto wa nchi nyingi walipenda vitabu vyake, wakamwandikia barua nyingi sana. Hivyo jina la mkulima yule limefika mbali, kwa watoto ambao hawajapata kuliona shamba lake.

Na sisi je?

Sisi pia tunapolima hukuta vitu: vigae vya vyungu, shanga, mawe ya kusagia, mifupa iliyogeuka kuwa mawe. Wengine huvitupa. Wengine huviuza kwa mgeni kwa bei ya sabuni. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964. Ukikuta kitu cha kale, fanya hivi:

1. Simamisha jembe. Usiendelee kuchimba, na usikisugue kitu hicho.
2. Weka alama mahali pale.
3. Andika tarehe, jina la shamba, na kina ulichokuwa unalima.
4. Toa taarifa upesi kwa serikali ya kijiji, ili wataalamu waitwe.
5. Usikiuze wala usikifiche.

Zipo pia hazina ambazo plau haiwezi kuzifukua. Zimo vichwani mwa wazee. Nani alichimba kisima cha kwanza cha kijiji? Mwaka wa njaa watu walikula mizizi gani? Kwa nini mlima ule unaitwa jina lile? Mzee akifariki, majibu yanakwenda naye.

Zamani ulikuwa unasema: hayo ataandika mwalimu. Leo wewe mwenyewe unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Mwite mtoto wako anayesoma shule, mwende pamoja kwa babu au bibi. Mtoto aulize, wewe uandike, au mtoto aandike na wewe uulize. Andikeni mambo madogo pia, kama kile kigingi. Andikeni jina la aliyesimulia, na tarehe. Kisha msomeeni mzee mliyoyaandika, ili asahihishe.

Na tusisahau ile nusu kwa nusu. Habari ya mtu ni mali yake. Ukiichukua, mpe heshima yake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Butcher hakupata malipo yote?
2. Kwa nini Butcher alikubali kumsimulia Dahl?
3. Katika kijiji chetu, ni mzee gani tumwulize kwanza?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi ghalani. Tutaongea juu ya dumuzi na jinsi ya kuokoa mahindi yetu.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu